Marhamu ya mwarobaini

Kopo la kwanza lilipofunguliwa, juu ya marhamu palikuwa na ukungu wa kijivu na harufu ya uvundo. La pili vivyo hivyo. Mama mkubwa akayapanga yote kumi na mawili sakafuni, akachomeka kijiti kikavu hadi chini ya kila moja. Katika makopo matano kijiti kilitoka na vitone vya maji.

"Mwanangu, mwarobaini hauna kosa. Maji ndiyo yametuharibia."

Tulikuwa Pangani, Januari, joto la kaskazi limepamba moto. Wiki tano kabla tuliponda majani mabichi kwenye kinu na kuyatia vilevile ndani ya mafuta ya nazi. Sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Mafuta matupu hayaoti ukungu, lakini tone la maji likinaswa kati ya mafuta na nta ya nyuki tunayoyagandishia, ukungu umeshapata makao. Isitoshe, mafuta yenyewe tuliyapika kwa tui, tukayaepua tui likiwa bado linatoa povu. Maji yaliingia kwa milango miwili.

Marhamu yote ikamwagwa. Makopo yakaoshwa kwa sabuni, yakachemshwa, yakaanikwa juani yamefunuliwa. Majani mapya tuliyatandaza kwenye ungo, kivulini penye upepo, safu moja tu bila kulaliana. Siku ya nne yalikuwa yakivunjika kwa kidole, na hata kikonyo kilikatika kwa mlio. Kikonyo kikipinda bila kukatika, subiri. Kutoka gramu 200 hivi za majani mabichi tulipata gramu 60 za makavu.

Siku ya tano ndiyo tuliyopika. Mafuta nusu lita, ambayo kwenye mizani ni gramu 460 hivi, yalirudishwa kwanza jikoni peke yake mpaka yakanyamaza kabisa. Kisha yakaingia kwenye bakuli la bati lililokalishwa juu ya sufuria ya maji yanayotokota taratibu, majani yakafikichwa humo. Bakuli la namna hii haliwekwi juu ya mkaa wenyewe: majani yatakaangika, mafuta yatakuwa na harufu ya kuungua, na harufu hiyo haitoki tena. Saa tatu nzima mama mkubwa alikuwa akiangalia vipovu. Kila kipovu kidogo kinachopanda kutoka kwenye jani ni unyevu unaotoka; vinapokoma, majani yamemaliza. Alifuta mvuke pembeni mwa bakuli kwa kitambaa kila mara, maana mvuke ukidondokea ndani, kazi ya siku nne imepotea.

Tulichuja kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili. Alinikataza kukamua kwa nguvu mwishoni, kwa sababu kukamua huko ndiko kunakosukuma vumbi la majani na unyevu uliobaki. Mafuta ya kijani yakalala usiku kucha kwenye chupa. Asubuhi chini palikuwa na utando mweusi mwembamba. Tukamimina ya juu polepole, na ya mwisho, vijiko viwili hivi, tukayaacha.

Hapo ndipo nilipoona kosa letu jingine. Majani hunywa mafuta. Tulipopima upya zilibaki gramu 400, wakati mara ya kwanza nta tuliipima kwa kufuata mafuta ya kabla ya kuchuja. Nta hupimwa mwisho.

Nta yetu ilitoka Handeni, bonge la kahawia lenye miguu ya nyuki. Tuliiyeyusha ndani ya maji, tukaichuja, tukaiacha igande juu kama sahani, kisha tukakwangua uchafu ulioshika upande wa chini na kuikausha siku nzima. Kwa gramu 400 za mafuta tulitia gramu 100 za nta, sehemu moja kwa nne. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Pangani hukaa majimaji karibu mwaka mzima. Moja kwa tano ingekuwa uji kwenye mkoba wa mtu. Ndugu yetu wa Lushoto tulimtengenezea kando, moja kwa sita, kwa kuwa kwenye baridi ile kipimo cha pwani kinakuwa kigumu kama mshumaa.

Nta ilikwaruzwa ili iyeyuke haraka, nayo huyeyukia kwenye nyuzi 62 hadi 64. Mafuta yalikuwa yamepashwa kwanza. Nta ikiingia kwenye mafuta yaliyopoa huganda vipande na marhamu inakuwa na chembe. Kabla ya kumimina, mama mkubwa alidondosha kidogo kwenye kijiko kilichoegemezwa mtungini kupozwa na kufutwa vizuri. Baada ya dakika mbili akabonyeza kwa kidole. Iliteleza bila kuacha bonge, akaridhika.

Nilipendekeza tone la mafuta ya karafuu kuzima harufu ya mwarobaini. Alikataa: karafuu ikizidi kidogo huchoma ngozi, hasa ya mtoto.

Makopo yaliachwa wazi mpaka yakapoa kabisa, yamefunikwa kitambaa chepesi tu. Katikati ya mawili paliingia shimo, kwa sababu tulimimina ya moto mno na nta husinyaa inapoganda. Shimo halina madhara. Tulijazia kijiko kimoja cha moto juu.

Kila aliyepewa aliambiwa apake kwanza kidogo ndani ya mkono na kusubiri siku moja. Ni ya magaga na ngozi kavu, si ya kidonda kibichi wala jeraha la moto, na isichotwe kwa kidole chenye maji. Mwezi wa Julai nilichomeka kijiti kikavu kwenye kopo la mwisho, hadi chini. Kilitoka kikavu.