Madumu Matatu ya Mawese

Zamu yangu ya upatu ilipofika, mwaka 2016, nilitoka kwa kijumbe moja kwa moja hadi soko la Mwanga, fedha nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nimemaliza wiki 6 za mafunzo ya ujasiriamali pale Kigoma mjini, na moyoni nilishaamua: sabuni ya mawese. Mkopo wa riba sikuutaka. Upatu ndio uliokuwa mtaji wangu wote, na zamu za wenzangu nilipaswa kuzichangia, sabuni itoke isitoke.

Nilinunua kilo 2 za kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na madumu matatu ya mawese, kila moja lita 5. Kwenye daftari la darasani nilikuwa nimeandika: kostiki kilo 1, mafuta kilo 7 na nusu. Basi kostiki 2, mafuta 15. Hesabu ikakubali.

Kazi niliifanyia uani kwetu Ujiji. Kostiki niliitia kwenye maji kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kuruka hadi machoni. Ndoo ilipata moto kama chungu kilichotoka jikoni. Nikaiacha ilale, na baada ya swala ya alfajiri nikaichanganya na mawese, nikakoroga upande mmoja mpaka mwiko ukawa unaacha mstari juu ya ule uji mzito. Rangi yake ilikuwa njano ya embe lililoiva. Mama alikuwa kaketi mlangoni na tasbihi yake. Akasema, “Mwanangu, Mungu amekujibu.” Nami niliamini hivyo.

Darasani tuliambiwa sabuni ikae wiki 4 kabla ya kuuzwa. Siku ya tano nilikuwa nimeshauza vipande 11.

Mama ntilie mmoja, mwenzangu wa upatu, alikuja magharibi, mikono kaificha ndani ya kanga. “Dada, sikuja kudai. Nimekuja uone tu.” Viganja vyake vilikuwa vyekundu, na ngozi ya katikati ya vidole imechanika. Mikono ile ndiyo inayomlisha yeye na wanawe. Nikamrudishia fedha yake, nikamwomba radhi, kisha nikazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya vipande vingine.

Usiku ule nililia kwenye mswala. Niliona Mungu kanifungia mlango, au imani yangu ni haba. Asubuhi mama akaniuliza swali moja tu: “Mwalimu wako umemuuliza?”

Mwalimu hakunihubiria. Aliweka dumu tupu juu ya mizani, akaandika uzito wake, kisha akaweka lililojaa mawese. “Toa hesabu.” Lita 5 zilikuwa kilo 4 na nusu na kitu kidogo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, nami nilikuwa nimesoma lita nikadhani ni kilo. Madumu yangu matatu yalipungua kilo moja na ushei. “Kostiki iliyokosa mafuta,” akasema, “ndiyo iliyokula mikono ya watu.”

Nilitarajia aibu, ila nilichokiona ni wepesi. Mlango haukuwa umefungwa. Dua niliomba kwa moyo wote, lakini kupima sikupima, na nilikuwa nimekuita kutopima huko kumtegemea Mungu.

Sabuni yote niliikuna kwa mbuzi kuukuu ya nazi, siku 2, mikono ndani ya glavu. Nikaiyeyusha kwa maji kidogo juu ya moto mdogo wa mkaa, nikaongeza mawese yaliyopungua, safari hii kwa mizani ya kuazima. Ikatoka na mabonge, si laini kama ile ya kwanza. Nikaipanga juu ya mbao, nikasubiri. Michango miwili ya upatu niliilipa kwa kukaanga vitumbua.

Siku ya 30 nilimega kipande, nikakigusisha ncha ya ulimi. Hakikuuma. Cha kwanza nilimpelekea yule mama ntilie, bure. Akanawa mbele yangu, taratibu, akasubiri, akageuza viganja juu na chini, akavinusa. Kisha akauliza vingine ninauza shilingi ngapi.