Jani la sale zamu ya usiku

Binti yangu wa Chuo cha Ushirika amenitumia picha ya mchoro waliopewa darasani. Masanduku na mistari, mkurugenzi juu kabisa, walinzi na wafagiaji chini. Anauliza: "Mama, kule kiwandani mlikuwa na huu?" Tulikuwa nao. Ulibandikwa ukutani kwenye kiwanda chetu cha kahawa, pale pa kusaini kuingia kazini.

Kwenye notisi zake umo pia utafiti wa kiwanda cha Hawthorne, jirani na Chicago. Mwaka 1931 na 1932 watafiti waliwachunguza wanaume 14 waliokuwa wakiunga nyaya za mitambo ya simu. Malipo yalipangwa ili wazalishe zaidi, lakini wenyewe walishapatana kazi ya siku iishie wapi, na aliyezidisha alipigwa ngumi mkononi. Niliposoma hapo niliwaona kinamama wetu wa kuchambua kahawa. Hawakupiga mtu, ila binti mgeni akikimbiza mikono sana, sauti ilitoka mwisho wa meza: "Wewe, unataka watupandishie kipimo?" Mikono ikapoa.

Lakini aliyenijia hasa ni Meku, yaani "mzee" kwa Kichaga, mlinzi wetu wa getini.

Usiku ule tulikuwa na mzigo wa kwenda bandari ya Tanga. Malori yameshapanga foleni nje, kahawa ya maganda imejaa mpaka mlangoni, na mkanda wa mashine ya kukoboa ukakatika. Kubadilisha mkanda si kazi ya kukesha. Shida ni kwamba msimamizi wa uzalishaji, mtu wa Rombo, alikuwa amemwandikia barua fundi mkuu, mtu wa Machame, akimlaumu kwa kuharibika kwa mashine, na chini akaweka "Nakala: Meneja". Aliyefanya kazi ya kuajiriwa anajua kuwa barua yenyewe unaweza kuimeza. Ile nakala ndiyo inayokwama kooni. Tangu hapo fundi hakushika spana bila fomu, na fomu haikuwa fomu bila sahihi ya meneja. Meneja alikuwa Dar. Kwa mujibu wa kanuni, fundi alikuwa sahihi kabisa. Nami karani wa stoo nilikaa na funguo, maana mkanda mpya ulikuwa kwangu.

Ule ukimya siusahau. Kiwanda cha kahawa kikinguruma unazoea mpaka husikii. Kikinyamaza usiku, masikio yanauma. Nadhani ndicho kilichomtoa Meku getini. Aliingia na koti lake refu, tochi kwapani, vumbi la maganda likielea kwenye taa. Tukamwamkia, "Shikamoo Meku." Akaitikia, asiulize kitu. Mkononi alikuwa na jani la sale, mmea wetu Wachaga wa kuombea msamaha, alilolichuma kwenye ua wa kiwanda, amelipiga fundo.

Akaenda moja kwa moja kwa msimamizi, akamwekea lile jani kiganjani. "Mpelekee mwenzio."

Msimamizi akabaki amesimama, mkono mmoja fomu, mkono mwingine jani. Nilikuwa karibu nao kiasi cha kuona jasho likilowesha karatasi pale kidole gumba kilipobana. Nani kwetu asiyejua sale? Ukiletewa, unasamehe, hata kama moyo haujafika. Lakini huyu alikuwa bosi, na aliyemtuma alikuwa mtu wa sanduku la chini kabisa. Akaiweka fomu juu ya gunia. Akatembea hadi kwenye benchi la mafundi, akanyoosha mkono wenye jani. Fundi mkuu akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua tambara, akafuta grisi, kidole kimoja kimoja, akalipokea kwa mikono miwili.

Hakuna aliyetamka samahani. Fundi aligeuka tu, akaniambia, "Dada, fungua stoo."

Nikafungua. Kabla ya adhana ya alfajiri mashine ilikuwa inanguruma. Sahihi ya meneja ilikuja baadaye, na tarehe ikarudishwa nyuma. Ripoti ya mwezi ikaandika kwamba hitilafu ilishughulikiwa na idara husika.

Meku ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Alijua nani kafiwa, nani anadaiwa ada, nani hasalimiani na nani. Menejimenti ilipokabidhi ulinzi kwa kampuni ya nje, aliondoka na wenzake wote wa getini, na sikusikia mtu kwenye kikao akisema kuna kazi nyingine inaondoka pamoja nao. Iliniuma, na bado inaniuma.

Hata hivyo nikitaka kumsimulia binti yangu kwamba undugu ndio ulioendesha kiwanda, namkumbuka fundi kijana aliyetoka Tabora. Usiku ule alikuwa ameshika taa. Watu walipotawanyika alininong'oneza, "Dada, lile jani ni la nini?" Nilimweleza. Akatikisa kichwa, akaendelea kukusanya spana. Alifanya kazi vizuri kuliko wengi, na barua za onyo alizipata kama wengine, ila yeye alizijibu kwa karatasi mpaka alipohama. Sijui Meku angemchumia jani gani, wala kama sisi wengine tungelipokea.