Barua ya kuomba fildi ndiyo jalada lako la kwanza

Ikishaingia Machi, utawaona wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakizunguka mjini na bahasha za kaki. Huyu anapanda ghorofa za Uhindini, yule anaulizia chemba, yaani ofisi za mawakili, za Area C na Area D, mwingine yuko kwenye daladala ya Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Wote wanatafuta sehemu ya kufanyia mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, na nafasi hazitoshi. Chemba nyingi za hapa Dodoma zina mawakili wachache, karani mmoja na meza moja ya ziada. Hata wakili akiwa na moyo mwema kiasi gani, hawezi kuwapokea wanafunzi kumi kwenye meza moja.

Wengi wanaokosa hawakosi kwa sababu ya GPA. Wanakosa kwa sababu hawajui kwamba barua ya maombi ni kazi ya kwanza ya kisheria ambayo wakili anakuona ukiifanya. Anaisoma kama anavyosoma hati ya madai ya upande wa pili, akitafuta pa kushika. Jina la ofisi limekosewa, tarehe haipo, kiambatisho namba tatu kimetajwa na hakionekani: ameshapata sababu ya kuiweka pembeni, na ana haki. Kwenye kazi yake, tarehe moja ikikosewa mteja anapoteza kesi.

Anza na kalenda. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwa likizo kuanzia Desemba 15 hadi Januari 31, kisha Siku ya Sheria hufungua mwaka mwanzoni mwa Februari. Ombi la fildi ya Julai likifika katikati ya likizo hiyo, hufunikwa na rundo la karatasi kabla wakili hajarudi mezani. Wiki ya pili ya Februari hadi mwisho wa Machi ndio muda mzuri kwa chemba. Ofisi za serikali zipewe muda mrefu zaidi, kwa sababu barua yako itapita masijala, itafunguliwa jalada, itapanda kwa mkubwa na kushuka tena kwa idara husika. Unapoipeleka kwa mkono, nenda na nakala mbili. Moja inabaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hapohapo uulize kumbukumbu namba. Ukirudi baada ya wiki tatu bila hiyo namba, utaambiwa uandike upya.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Sentensi kama "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninaweza kufanya kazi chini ya msimamizi au bila msimamizi" imo kwenye karibu kila bahasha, na haimwambii msomaji chochote anachoweza kukihakiki. Linganisha na hii: "Ninaomba kufanya mafunzo kwa vitendo ofisini kwenu kwa wiki nane kuanzia Julai. Nimesoma Sheria ya Ardhi na Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Ninaweza kutafuta hukumu kwenye tovuti ya TanzLII, kuzifupisha kwa ukurasa mmoja, na kuandaa rasimu ya hati ya kiapo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nimeambatisha muhtasari mmoja ili muone ninavyoandika." Ni sentensi nne tu, na wakili ameshajua utakaa muda gani, umesoma nini na Jumatatu akupe kazi ipi.

Hilo la Kiswahili si pambo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa pale haki inapohitaji hivyo. Chuoni umefundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo wenzako wengi wanakwama wakiambiwa waandike utetezi wa maandishi, kiapo kinzani au hoja za pingamizi la awali (lile la kisheria linalotangulia kusikilizwa kwa shauri) kwa Kiswahili kilichonyooka. Ukikaa wiki mbili na hukumu za Kiswahili, ukajenga daftari lako la istilahi, una kitu ambacho ofisi inakihitaji leo.

Sasa huo muhtasari wa kuambatisha, ambao nionavyo unazidi vyeti vyote vya semina. Ingia TanzLII, chagua hukumu ya hivi karibuni ya Mahakama Kuu Kanda ya Dodoma, au ya Mahakama ya Rufani iliyotokana na shauri la huku. Angalia majina ya mawakili yaliyotajwa ndani. Usichague kesi ambayo ofisi unayoiomba ilishindwa; huo ni mwanzo mbaya, hata kama hukumu yenyewe ni tamu. Andika maneno kama 350: ukweli wa kesi kwa sentensi nne au tano, hoja iliyokuwa mbele ya mahakama kwa sentensi moja, uamuzi, sababu, na mwisho uamuzi huo unambadilishia nini mteja wa kawaida. Kisha fanya mambo mawili ambayo wengi huyaruka. Kwanza, hakikisha hukumu hiyo haijatenguliwa ngazi ya juu. Pili, angalia namba za vifungu. Sheria zetu zilifanyiwa urekebu, yaani zilipangwa na kuchapwa upya pamoja na marekebisho yake, na Toleo la Mwaka 2023 likaanza kutumika Julai 1, 2025, na vifungu vingi vimehama namba. Hukumu ya 2022 inataja kifungu kwa namba ya zamani. Ukikinakili bila kusema ni cha toleo lipi, wakili ataona mara moja kwamba hukufungua sheria yenyewe.

Kamwe usiambatishe hati ya kweli ya mteja uliyoipata kwa rafiki aliyefanya fildi mwaka jana. Hii hutokea, na mwanafunzi hudhani anaonyesha uzoefu. Anachoonyesha ni kwamba siri za wateja zinatoka mlangoni pamoja naye. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kabla yake palikuwa na miiko ya uwakili. Hata ukifuta majina, kiwanja na kijiji vinamtambulisha mtu.

Kwa barua pepe, unganisha kila kitu kwenye PDF moja: barua, wasifu wa kurasa mbili, barua ya utambulisho ya chuo, matokeo, muhtasari. Faili liitwe kwa jina lako na neno fildi. Picha za vyeti zilizopigwa usiku kwa simu hazisomeki zikichapwa, bora ulipie skana steshenari. Na kila ofisi itumiwe barua yake peke yake. Ukiweka anwani ishirini kwenye ujumbe mmoja, mawakili wote ishirini wanaonana humo, na kila mmoja anajua kwamba yeye si chaguo la mtu.

Usitegemee kampuni kubwa za Dar es Salaam peke yake. Ukiomba sehemu kumi, mbili zikiwa za Dar inatosha. Treni ya SGR imerahisisha safari, lakini nauli ya daraja la kawaida ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwenda tu, na bado hujalipa chumba wala chakula cha wiki nane. Ukiitwa kwenye usaili Dar, uliza kwa adabu kama unaweza kufanyika kwa simu ya video. Kuuliza si kosa.

Zile nane zilizobaki zigawe hapahapa: chemba nne, ofisi mbili za sheria za serikali, moja ya usuluhishi wa kazi, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na shirika moja la msaada wa kisheria. Dodoma ina utajiri wa mashauri ambao wanafunzi wengi wanaupita wakikimbilia Posta ya Dar. Chukua viwanja. CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji na kugawa viwanja, ilianzishwa 1973, ikavunjwa Mei 2017 na majukumu yake yakahamia halmashauri. Karatasi zake bado zimo mikononi mwa watu na bado zinazaa migogoro. Mteja akija anataka kuishtaki halmashauri ya jiji kwa kiwanja chake, swali la kwanza si nani mwenye haki. Tangu marekebisho ya 2020, mashauri dhidi ya serikali za mitaa nayo yanahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Ukimpeleka mteja huyo Baraza la Ardhi na Nyumba, pingamizi la awali litamrudisha nyumbani. Mwanafunzi anayeyajua haya kabla ya usaili anaongea na wakili wa Dodoma kwa lugha ya majalada yake.

Usaili wenyewe mara nyingi ni mfupi, na swali hupenda kuja kama kisa. Tuseme: "Mteja aliachishwa kazi Machi 3, leo ni Aprili 20, tufanye nini?" Anayekimbilia kueleza haki za mfanyakazi ameshaanguka. Hesabu kwanza. Kuanzia Machi 3 hadi Aprili 20 ni siku 48. Kanuni za usuluhishi na uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, zinatoa siku 30 kupeleka CMA mgogoro wa kuachishwa kazi. Amechelewa siku 18. Kwa hiyo lazima aombe kusamehewa ucheleweshaji na aeleze kila siku ya hizo 18 alikuwa wapi. Hapo ukiweza kuitaja kesi ya Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, na ukakumbuka kwamba Mahakama ya Rufani ilitaka siku zote za kuchelewa zihesabiwe, umejibu kama mtu wa ofisini. Usipojua jibu, sema utalitafuta wapi. Kubahatisha kifungu ni vibaya kuliko kunyamaza.

Baada ya kutuma, kinachoumiza ni ukimya. Kundi la darasa kwenye WhatsApp linajaa pongezi za waliopata, na wewe simu yako haijaita. Naandika hili kwa uzito wote: ofisi nyingi hazijibu kabisa, hata kwa wazuri, kwa sababu hakuna mtu aliyepewa kazi ya kujibu. Ukimya ule si hukumu juu yako. Uchukulie kama unavyochukulia jalada lililoahirishwa, lenye tarehe ya kutajwa tena. Chora daftarini safu nne: ofisi, tarehe ya kutuma, tarehe ya kufuatilia, kilichosemwa. Siku 14 zikipita, piga simu mara moja. Asubuhi mawakili wako mahakamani, hivyo piga kuanzia saa 8 mchana na uongee na karani kwa heshima. Yeye ndiye anayejua bahasha yako iko wapi. Wiki mbili nyingine zikipita bila jibu, funga mstari huo, fungua ofisi nyingine. Barua pepe ziangalie mara moja kwa siku, kwa saa uliyopanga, na kundi la darasa ulizimie sauti mpaka umalize mitihani.

Nafasi ya fildi haiuzwi. Anayekuomba hela ya kukuwekea jina, au anayekutaka kimwili ili akupokee, anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mtu unayemwamini, piga TAKUKURU 113, simu haina malipo. Wasichana wengi huondoka kimya wakidhani wataonekana wakorofi. Mkorofi ni yeye.

Ukipata, jibu siku hiyohiyo kwa maandishi. Peleka barua ya kukubaliwa kwa mratibu wa mafunzo chuoni kabla ya siku ya mwisho, kisha ziandikie ofisi nyingine zote kwamba umepata na hutaendelea na maombi. Mstari mmoja unatosha, na karani wa huko ataweza kumpa mwenzako ile meza.