Kitanda Kisicholaliwa

Binti yangu huvalia viatu kwenye benchi la mlangoni, na kila asubuhi kidole chake huingia katika lile tundu la mguu wa nyuma. Juzi akauliza: "Mama, hapa palikaa nini?"

Nikamjibu palikaa skurubu. Basi la shule likapiga honi, akatoka mbio. Nikabaki nimekaa pale pale. Si kweli kwamba palikaa skurubu. Palipita bolti ndefu iliyoshika mfumbati, ule ubao wa ubavuni, kwa sababu benchi hili lilikuwa kitanda, na kwa siku nne kitanda hicho kilikuwa changu.

Ilikuwa 2009, mwaka wa ukame, maji ya mabwawa ya mto Tana yaliposhuka mpaka stima ikawa ya zamu. Bado tulikuwa mtaa wa Umoja, Nairobi. Kaka zangu walikuwa na deka yao, kitanda cha ghorofa. Mimi nililala sebuleni, kwenye godoro lililosimamishwa nyuma ya mlango kila kulipokucha. Nilikuwa na miaka 17. Baba akasikia kuna watu Buruburu wanahama na wanauza vyombo. Akaenda Jumamosi, akarudi akitembea nyuma ya mkokoteni uliobeba kitanda cha mvule, futi nne kwa sita, shilingi 2,500. Alipokuwa akifungua kamba aliniangalia mimi, si Mama.

Mama alikizunguka mara moja tu.

"Nani alikuwa akikilalia?"

"Wamesema ni cha nyanya yao."

"Na huyo nyanya yuko wapi?"

Baba akanyamaza.

"Mimi simlazi mtoto wangu mahali mtu amekata roho." Hakupaza sauti. Alirudi jikoni, na kwetu neno lililosemwa hivyo lilikuwa limekwisha. Kitanda kikaegemezwa ukutani vipande vipande, nami nikawa napita kwa ubavu nisikiguse. Jumatano jioni Baba akasema, kama anayejisemea: "Basi hakitalaliwa. Kitakaliwa."

Mwenye vifaa angeimaliza kazi ile kwa siku mbili. Mchago, ubao wa upande wa kichwa, unakuwa mgongo wa benchi. Ubao wa upande wa miguu unakatwa katikati. Kila nusu inabaki na tendegu moja, inakuwa mkono wa benchi pamoja na mguu wa mbele. Mfumbati mmoja unapunguzwa hadi futi nne ubebe kikalio, na chaga, zile mbao za kuwekea godoro, zinakuwa kikalio chenyewe. Sisi tulikuwa na msumeno wa kuazima, keke, msasa, na taa ya mafuta, maana usiku ule zamu ya giza ilikuwa yetu.

Baba alipima inchi 24, akachora mstari kwa penseli, akapima tena kutoka upande wa pili. Akaubana ubao kwa goti juu ya stuli. Nikadhani ataanza. Akageuza msumeno, akanielekezea mpini.

"Shika, mama. Kata wewe."

Sikuupokea upesi. Mpaka dakika ile kilikuwa bado kitanda. Bolti nne, robo saa, na kingesimama tena. Niliutazama ule mstari wa penseli, mwembamba, unatikisika kwa mwanga wa utambi, nikijua kwamba ukishapita hapo hakuna kurudi. Kisha nikaweka kidole gumba kando ya meno kama alivyonionyesha, nikauvuta msumeno kwangu mara tatu, taratibu, mpaka ukapata njia. Nikasukuma. Vumbi la mvule likatoka la manjano, likamwagikia magoti ya Baba; lina ukali unaowasha pua. Kwa nje ubao ulikuwa umeiva weusi wa miaka, lakini ndani ulikuwa na rangi ya asali, kana kwamba umetoka kurandwa. Nusu ya safari msumeno ukabanwa. Baba akainua upande wake kidogo, mkato ukafunguka, nikaendelea. Hatukusemezana. Mlango wa chumbani ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha upana wa kiganja na nilijua Mama hajalala. Nilikuwa ninalia, na nilishukuru kwamba taa ilikuwa chini. Tulipokaribia mwisho Baba alipitisha mkono chini ya ubao ili usichanike kwa uzito wake. Ukaachana bila sauti. Akabaki ameshika nusu mbili, moja kila mkono, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mengine yalikwenda haraka. Tulitoboa kwa keke kwanza ili mbao isipasuke, skurubu tukazipaka sabuni ziingie kwa ulaini, tukapiga msasa, tukapaka vanishi mara mbili. Mama ndiye aliyelikalia wa kwanza, na sinia lake la mchele wa kuchagua. Alilipenda. Baba alipofariki, wanawake wa matanga walikaa juu yake kwa zamu. Nilipoolewa Mama akaniambia, "Chukua benchi lako." Hiyo "lako" nimeigeuza kichwani mara nyingi.

Siku nyingine huamini Baba alinipa msumeno kwa sababu hakuwa na moyo wa kukata kitu alichoninunulia. Siku nyingine naona alitaka uamuzi uwe wangu, hata kama wakati ule haukuwa. Sikuwahi kumuuliza. Na Mama, niliyemkasirikia mwaka mzima, alikuwa akinilinda kwa namna aliyoijua yeye.

Jioni ile binti yangu aliporudi nilimsimulia yote. Akasikiliza, kidole kikiwa tunduni.

"Kwa hivyo wewe ulilala wapi?"

"Chini. Kwenye godoro."

Akapanda juu ya benchi, akajinyoosha apime kama anaenea. Anaenea. Nikafungua mdomo nimwambie ashuke, nikaufunga.