Miayo ya saa tisa

Wiki ya sita leo bila kidonge. Usiku bado nashtuka nimelowa jasho, lakini nalala.

Ajali yenyewe sina hamu ya kuisimulia: bodaboda, mvua, paja. Nilitiwa chuma, nikarudi nyumbani na magongo na tramadoli, vidonge vikali vya maumivu, za miligramu 50, moja mara tatu. Mfupa ukaunga. Vidonge havikuisha.

Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, niliyoijua mimi ni ya stendi: teja kajikunyata, kamasi zinamtoka, anaomba mia mbili. Mimi nilikuwa na kadi ya bima na cheti cha daktari. Kwa hiyo kila ikifika saa tisa alasiri, mguu ukianza kuuma na pua kuchuruzika, nililaumu kiyoyozi cha ofisini. Na maumivu yalikuwa ya kweli, hapo ndipo niliponaswa. Mwili uliozoea dawa hizi ukizikosa huumwa zaidi, hata mahali palipokwisha kupona. Nikimeza, mguu unapoa. Basi si naumwa?

Wifi yangu ni muuguzi. Alikuja Januari, joto la Dar mnalijua, tukakaa barazani tunachambua mchicha. Nikapiga mwayo, wa pili, wa tano, machozi yananitiririka, vinyweleo vimenisimama kama kuku aliyenyonyolewa.

"Una usingizi, wifi?"

"Mafua tu."

Akanishika mkono, akautazama. "Unameza ngapi kwa siku?"

"Nne."

Akaendelea na mchicha wake. "Ngapi, wifi?"

Kumi. Ndiyo mara ya kwanza kuitamka. Akaniambia mwisho ni nane kwa siku, miligramu 400; ukizidisha unaweza hata kuanguka degedege. Nilikuwa nalisubiri lile neno, teja. Hakulisema.

Kesho yake nikajifunga kibwebwe, nikaacha zote. Siku mbili za kuhara, miguu inarusha mateke yenyewe kitandani, na woga usio na sababu, kama kuna mtu amesimama nyuma ya mlango. Wifi alinigombeza: dawa hii haikatwi ghafla. Akanipeleka kwa daktari wa afya ya akili. Nilijua nitaambiwa nikapange foleni ya methadoni, ile dawa ya kuwatibu mateja wa heroini wanayokunywa hospitali ya Muhimbili tangu 2011, kila siku mbele ya muuguzi. Daktari akasema tuanze kwa kupunguza, kidonge kimoja kila wiki. Ikishindikana, methadoni ipo, na si aibu.

Mume wangu akashika kopo. Kila asubuhi ananihesabia kama mtoto wa pipi. Nilimchukia kwa dhati. Wiki ya nne nilimwibia viwili. Nilipoungama, daktari hakufoka, alinibakiza hatua ileile wiki moja zaidi. Alichonikazia ni kingine: nikishaacha, mwili husahau kuzihimili. Nikirudia zile kumi siku moja, pumzi inaweza kukatika.

Jana nilikwenda duka la dawa la mtaani kununua dawa ya homa ya mtoto. Kijana wa dukani, hata sijafungua mdomo, akavuta ile droo ya chini.

"Dada, ulipotelea wapi? Zako zimejaa."

Nikasema nataka ya mtoto tu. Sauti ilinitetemeka, na mate yalinijaa mdomoni, sifichi. Kuna duka jingine kule barabara kuu, dakika ishirini kwa mguu wangu huu. Nitakuwa nakwenda huko.