Shilingi milioni 25 zikivuka kutoka COBOL kwenda Fortran

Usishangae kukuta SACCO ya Uganda (chama cha akiba na mikopo) ambayo daftari la wanachama liko kwenye COBOL, hesabu ya riba iko kwenye Fortran, na kipande cha kuchapisha risiti ni C, zote tatu lugha za programu. Kila kipande kiliandikwa na mtu kwa lugha aliyoijua, na kikiwa peke yake hakina shida. Shida inazaliwa pale kimoja kinapoita kingine na kukikabidhi parameta, yaani data ya kufanyia kazi. Kompaila ya COBOL (inayotafsiri programu kwa mashine) haijui Fortran inasubiri nini, na linka (inayounganisha vipande) nayo inatazama jina tu. Majina yakilingana, unapata programu inayokimbia vizuri na kutoa majibu ya ovyo bila kulalamika hata mara moja.

Mifano hapa ni ya GnuCOBOL, gfortran na gcc (kompaila za COBOL, Fortran na C) kwenye Linux ya biti 64, mashine ya kawaida ya Intel au AMD. Mbele kidogo nitagusa AS/400, kompyuta ya biashara ya IBM, maana ina mtego wake wa pekee.

Tuanze na nani anatuma nini. COBOL ukiandika CALL na USING bila neno jingine, inatuma anwani ya kumbukumbu, yaani ni sawa na kuandika BY REFERENCE. Fortran nayo kwa kawaida inapokea anwani. Kwa hiyo hawa wazee wawili wanaelewana kirahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mgeni ni C: yeye anatuma thamani yenyewe, na akitaka anwani lazima uweke pointa (ile alama `*`). Basi funksheni ya C inayoitwa na COBOL iandikwe `int *miezi`. Ukiandika `int miezi`, C itachukua kipande cha anwani na kukidhani ni idadi ya miezi, na mkopo wa miezi 6 utageuka wa mamilioni ya miezi, au wa miezi hasi.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kosa linalokula muda wa watu kuliko yote: COMP, neno la COBOL la kuhifadhi namba kwa biti badala ya herufi za tarakimu. Kwenye GnuCOBOL, PIC S9(9) COMP (PIC hutaja umbo la uwanja, hapa tarakimu 9 zenye alama) ni namba kamili ya baiti 4, sawa na int ya C kwa ukubwa. Lakini kwa mpangilio wa kawaida inahifadhiwa baiti kubwa ikitangulia, kama kwenye meinfremu za IBM, ilhali prosesa ya Intel inaanza na baiti ndogo. Weka 1500 kwenye COMP na kumbukumbu inakuwa hivi:

    00 00 05 DC

C au Fortran wakisoma baiti hizohizo kwa desturi ya Intel, wanapata -603652096. Ukituma 1, upande wa pili wanaona 16777216. Ishike namba hiyo kichwani. Ukiiona kwenye ripoti pasipo sababu, usihangaike na kanuni ya riba, nenda moja kwa moja kwenye tangazo la COMP. Dawa ni herufi mbili: COMP-5, ambayo inafuata desturi ya mashine yenyewe. Haikatwi pia kwa idadi ya tarakimu za PIC, jambo ambalo COMP ya kawaida hufanya: ukijaribu kuweka 1234567890 kwenye PIC S9(9) COMP, unabaki na 234567890, na bilioni imekwenda.

Kwa shilingi ya Uganda hilo la ukubwa si nadharia. Int ya baiti 4 inaishia 2,147,483,647, yaani bilioni mbili na ushei, na jumla ya mikopo ya chama inaweza kupita hapo. Tumia PIC S9(18) COMP-5, baiti 8, kwa kila kitu kinachoitwa pesa. Mafaili ya zamani sana yana pia PIC S9(7)V99, kwa sababu yalibuniwa wakati senti zina maana na kiasi ni kidogo; uwanja huo haufiki hata milioni 10, na tarakimu mbili za mwisho leo zinabeba sifuri tupu. Mwaka 1987 shilingi ilikatwa sifuri mbili, lakini sifuri zimerudi zenyewe tangu hapo.

REAL ya Fortran, aina ya namba zenye nukta, ni mbaya zaidi. Ile ya baiti 4 ina biti 24 za tarakimu, kwa hiyo inahesabu shilingi mojamoja hadi 16,777,216 tu (ndiyo, namba ileile, mara hii kwa sababu nyingine kabisa). Shilingi 25,000,001 ndani ya REAL inakuwa 25,000,000. Mkaguzi ataikuta hiyo shilingi moja, na utaanza kutafuta mwizi asiyekuwepo. Pesa zivuke kama namba kamili, hesabu ifanyike kwa namba kamili.

Mfano kamili. Upande wa COBOL:

           IDENTIFICATION DIVISION.
           PROGRAM-ID. LIPA.
           DATA DIVISION.
           WORKING-STORAGE SECTION.
           01  SALIO   PIC S9(18) COMP-5.
           01  MIEZI   PIC S9(9)  COMP-5.
           01  FAIDA   PIC S9(18) COMP-5.
           PROCEDURE DIVISION.
               MOVE 25000000 TO SALIO
               MOVE 6 TO MIEZI
               CALL "riba" USING SALIO MIEZI FAIDA
               IF RETURN-CODE NOT = 0
                   DISPLAY "RIBA IMEKATAA"
               ELSE
                   DISPLAY FAIDA
               END-IF
               STOP RUN.

Upande wa Fortran, riba ya asilimia 12 kwa mwaka, isiyo ya kulimbikiza:

    function hesabu(salio, miezi, faida) result(jibu) bind(c, name="riba")
      use iso_c_binding
      implicit none
      integer(c_int64_t), intent(in)  :: salio
      integer(c_int32_t), intent(in)  :: miezi
      integer(c_int64_t), intent(out) :: faida
      integer(c_int32_t) :: jibu
      jibu = 0
      faida = 0
      if (miezi < 1) then
        jibu = 1
        return
      end if
      faida = (salio * 12 * miezi + 600) / 1200
    end function

Na kuunganisha:

    gfortran -c riba.f90
    cobc -x -fstatic-call -o lipa lipa.cob riba.o -lgfortran

Jibu sahihi ni 1,500,000. Ile 600 ni ya kukadiria kwenda shilingi ya karibu, kwa sababu mgawanyo wa namba kamili unatupa mabaki.

Mambo mawili humo yana sababu. Bila `bind(c, name="riba")`, gfortran ingelibadili jina kuwa `hesabu_`, herufi ndogo na mstari mwishoni, na linka ingesema haioni riba. Kama ni subrutini ya zamani ya FORTRAN 77 usiyoruhusiwa kuigusa, ita jina lake pamoja na huo mstari: CALL "riba_". La pili, nimetumia funksheni inayorudisha namba badala ya subrutini, kwa kuwa COBOL baada ya CALL inachukua kilichobaki kwenye rejista ya majibu (nafasi ndani ya prosesa) na kukiweka kwenye RETURN-CODE. Subrutini hairudishi kitu, kwa hiyo RETURN-CODE inajaa takataka, na STOP RUN inaikabidhi takataka hiyo kwa mfumo. Kazi ya usiku inakufa kwa kosa la 37 ambalo halijaandikwa popote.

Maandishi yana mila tatu zisizopatana. COBOL ina uwanja wa urefu maalumu unaojazwa nafasi tupu. C inaweka baiti ya sifuri mwishoni. Fortran ya zamani inapokea urefu kama parameta ya siri, inayotumwa kwa thamani baada ya parameta zote. Chukua NIN ya kitambulisho cha taifa, yenye herufi na tarakimu 14. COBOL inaihifadhi kwenye PIC X(14), ikajaa kabisa. C akiitumia `strlen` au `%s` juu yake, hakuna sifuri pale, hivyo anaendelea kusoma uwanja wa jirani mpaka akutane na sifuri ya bahati. Kwa kuchapisha tumia `%.14s`, kwa kazi nyingine nakili kwenye `char nin[15]` na uweke sifuri mwenyewe. Kurudi nyuma ni hatari zaidi: `strcpy` ya NIN kwenda kwenye uwanja wa COBOL inaandika baiti 15, na ya 15 inaua baiti ya kwanza ya jirani. Tumia `memcpy` ya 14. Na jina fupi, tuseme Nakato kwenye X(30), lijazwe nafasi tupu kwanza kwa `memset`, la sivyo COBOL italinganisha sifuri na nafasi tupu na kusema mwanachama hayupo, ingawa kwenye skrini majina yote mawili yanaonekana sawa kabisa.

Ule urefu wa siri wa Fortran, tangu GCC 8, ni baiti 8 kwenye mashine za biti 64. Kabla ya hapo ulikuwa 4. Kutoka COBOL unautuma mwenyewe: USING NIN BY VALUE UREFU, na UREFU iwe PIC S9(18) COMP-5.

Tatizo la rekodi nzima linaonekana dogo mpaka likukute. Ukituma kiwango cha 01 chenye NIN ya X(14) kikifuatiwa na salio la baiti 8, COBOL inavipanga bila kuacha pengo, kwa hiyo salio linaanza baiti ya 14 (ukihesabu kuanzia sifuri) na rekodi ina baiti 22. Struct ya C (rekodi yake) yenye vitu hivyohivyo inaruka hadi baiti ya 16 ili salio likae sawa, na inakuwa baiti 24. C inasoma salio likiwa limekatwa kichwa. Wengine hupaka `packed` kwenye struct ili C isiache pengo. Mimi napendelea FILLER PIC X(2), baiti mbili za kujaza pengo, upande wa COBOL, kwa sababu anayesoma baadaye anaiona kwa macho.

COMP-3, yaani desimali iliyofungwa, haina ndugu kwenye C wala Fortran. Milioni 25 kwenye PIC S9(9) COMP-3 ni baiti 5: 02 50 00 00 0C. Kila nusu baiti ni tarakimu moja, nusu ya mwisho ni alama: C chanya, D hasi, F isiyo na alama. Njia salama ni kuihamishia COMP-5 kwa MOVE kabla ya CALL. Lakini kama C inasoma faili moja kwa moja:

    long long fungua(const unsigned char *p, int n)
    {
        long long v = 0;
        int i;
        for (i = 0; i < n; i++) {
            v = v * 10 + (p[i] >> 4);
            if (i < n - 1)
                v = v * 10 + (p[i] & 0x0F);
        }
        return (p[n-1] & 0x0F) == 0x0D ? -v : v;
    }

Kumbuka V ya PIC haimo ndani ya baiti. Mahali pa nukta ni makubaliano tu, hivyo 9(7)V99 ikifunguliwa hapa inatoka kubwa mara 100.

Majedwali: kwenye kumbukumbu Fortran inabadilisha faharasa ya kwanza haraka zaidi, COBOL na C wanabadilisha ya mwisho. Jedwali la matawi 4 kwa miezi 12 kwenye COBOL litangazwe (12,4) kwenye Fortran, na faharasa zigeuzwe.

Kwenye AS/400, mtego uko kwenye CALL ya CL, lugha ya amri ya mfumo huo. Ukiandika namba moja kwa moja ndani ya PARM, inatumwa kama desimali iliyofungwa ya tarakimu 15 zenye 5 baada ya nukta, baiti 8, hata kama programu ya RPG (lugha nyingine ya huko) inasubiri tarakimu 9. Maandishi mafupi yanajazwa nafasi tupu hadi baiti 32 na kuishia hapo. Programu inayosubiri 50 inapata 32 safi, na 18 zilizobaki ni chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana inafanya kazi ukijaribu asubuhi na kuharibika jioni. Tangaza kigeugeu kwa DCL chenye aina na urefu kamili, kisha utume hicho.

Ukipima makabidhiano haya, usijaribu kwa 1, 2 na 3. Andika funksheni ndogo ya C inayochapa baiti za anwani iliyopewa, iite kabla ya ile halisi, na utume 16909060. Ikiwa COMP-5, utaona 04 03 02 01. Ikiwa COMP, 01 02 03 04. Ukiona 01 69 09 06 0C, umetuma COMP-3 ya tarakimu 9. Ukiona 30 31 36 39 30 39 30 36 30, aliyetangaza uwanja alisahau kuandika COMP na namba imevuka kama maandishi. Ikiwa na alama S na ni hasi, baiti ya mwisho itakuwa 70 badala ya 30, kwa kuwa GnuCOBOL huificha alama ndani ya tarakimu ya mwisho.