Kusasisha ramani ya gari la michezo kabla ya kuvuka mpaka

Wamiliki wengi wa magari ya michezo ninaozungumza nao wameshaacha kutumia ramani iliyojengwa ndani ya gari, na wanapopanga safari ya nje ya nchi huitegemea simu waliyoibandika kwenye dashibodi. Msimamo wangu ni tofauti. Ramani ya gari ikisasishwa mapema na kwa utaratibu, inafanya kazi ambayo simu haiwezi kuifanya yote, na kuisasisha kunastahili kupangwa wiki kadhaa kabla ya safari, sambamba na kubadili oili na kukagua tairi.

Nguvu ya mfumo huu inatokana na jinsi ulivyounganishwa na gari lenyewe. Antena yake imewekwa mahali inapoliona anga vizuri, ilhali simu iliyo nyuma ya kioo cha mbele chenye utando wa kuzuia joto inaweza kupata mawimbi hafifu. Zaidi ya hapo, mfumo husoma vihisi vya magurudumu, vilevile vinavyotumiwa na breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasijifunge), pamoja na kihisi kinachopima jinsi gari linavyogeuka, kwa hiyo unaweza kuendelea kukadiria mahali gari lilipo hata pale mawimbi ya setilaiti yanapokatika kabisa. Katika handaki la Lærdal nchini Norwei, lililofunguliwa mwaka 2000 na lenye urefu wa kilomita 24.5, hakuna setilaiti inayoonekana, lakini alama ya gari kwenye skrini huendelea kusogea kwa sababu mizunguko ya magurudumu inahesabiwa. Sisi tunaopenda kubadili rimu tukumbuke kwamba tairi zenye kipenyo tofauti na cha awali huivuruga hesabu hiyo mpaka mfumo ujirekebishe kwa kulinganisha na setilaiti, na ni vizuri marekebisho hayo yafanyike kwenye barabara ya wazi kabla ya siku ya kuondoka.

Hata hivyo, vihisi vyote hivyo havina faida ikiwa ramani yenyewe imepitwa na wakati, na kinachozeeka haraka kuliko barabara ni sheria zinazozitawala. Ufaransa ilishusha kikomo cha mwendo kutoka kilomita 90 hadi 80 kwa saa tarehe 1 Julai 2018 kwenye barabara za njia mbili zisizo na kizuizi katikati, kisha baadhi ya maeneo yakarudisha 90 kwenye sehemu ya barabara zao, kwa hiyo hata anayeikumbuka sheria kwa kichwa hawezi kujua kikomo cha kila kipande cha barabara. Hispania, kuanzia Mei 2021, iliweka kilomita 30 kwa saa kwenye barabara za mijini zenye njia moja tu kila upande. Wales ilifuata tarehe 17 Septemba 2023 kwa kushusha kikomo cha kawaida katika maeneo ya makazi kutoka maili 30 hadi maili 20 kwa saa. Ramani ya mwaka 2017 itakuonyesha kwa uhakika kamili namba ambayo sheria imeshaifuta, na katika gari linalofika mwendo huo kwa kugusa tu pedali, tofauti ya maili 10 si jambo dogo.

Vipimo navyo vina mtego wake. Jamhuri ya Ireland ilihamia kilomita kwa saa mwezi Januari 2005, ilhali Ireland ya Kaskazini, kama Uingereza nzima, inatumia maili, na dereva anavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kusimamishwa na mtu yeyote. Alama ya 60 upande mmoja na alama ya 60 upande wa pili hazina maana moja. Mifumo mingi iliyosasishwa vizuri hutambua nchi iliyoingia na kuonyesha kikomo kwa kipimo cha nchi hiyo, lakini inafaa kuhakikisha kwenye mipangilio badala ya kudhani.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Anza kwa kufungua ukurasa wa taarifa za mfumo kwenye skrini ya gari na kunakili mambo matatu: toleo la ramani, toleo la programu ya kifaa, na eneo ambalo ramani inalihudumia. Ramani na programu ni vitu viwili tofauti, na ramani mpya wakati mwingine hukataa kuingia mpaka programu isasishwe kwanza. Eneo lina uzito uleule, kwa kuwa ramani huuzwa kwa kanda, na kulipia toleo jipya la kanda yako hakukupi nchi hata moja ya kanda nyingine. Ununuzi mara nyingi hufungwa kwenye namba ya chasisi au namba ya kifaa, nao hutolewa pamoja na msimbo wa kuuidhinisha, kwa hiyo ramani iliyonunuliwa kwa gari moja haitafunguka kwenye gari jingine. Magari ya zamani yenye ramani kwenye diski hayana utata huo: unabadili diski, basi.

Kwa magari yanayosasishwa kwa flashi, mkwamo wa mara kwa mara uko kwenye uumbizaji, yaani jinsi flashi inavyoandaliwa kuhifadhi mafaili. Flashi iliyoumbizwa kwa muundo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, nayo baadhi ya mifumo ya magari haisomi exFAT, muundo mwingine unaopokea mafaili makubwa zaidi, hivyo fuata maelekezo ya mtengenezaji neno kwa neno, na kunakili kukishakwisha, linganisha ukubwa wa mafaili na ule uliotajwa kabla ya kuichomoa flashi kwenye kompyuta.

Kisha kuna betri, na hapa ningependa msomaji atulie. Gari la michezo hukaa siku nyingi bila kuendeshwa, na betri yake mara nyingi huwa imeshapungua chaji kabla ya kazi kuanza. Usasishaji unaweza kuchukua saa moja au zaidi, na kwa muda huo wote swichi ikiwa imewashwa, skrini, kompyuta na feni zinakula umeme. Volti zikishuka katikati ya uandishi, kifaa kinaweza kuzimika faili likiwa nusu, na kukifufua kunaweza kuhitaji fundi mwenye vifaa maalumu. Unganisha chaja inayoweza kuhimili matumizi hayo, zima taa na kiyoyozi, na usiguse flashi mpaka skrini itamke kwamba kazi imekamilika. Kuwasha injini ndani ya gereji iliyofungwa ili kuisaidia betri ni hatari kwa uhai kwa sababu ya moshi, na hakuna ramani inayostahili hatari hiyo.

Vifaa vya zamani vina tatizo jingine ambalo ramani mpya hailitibu. GPS, mfumo wa setilaiti unaoliambia gari mahali lilipo, huhesabu wiki hadi 1,024, kisha hurudi sifuri, na ilirudi hivyo mwaka 1999 na tena Aprili 2019. Kifaa kisichoandaliwa kwa mabadiliko hayo kinaweza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita huku kikijua vizuri gari liko wapi, na dawa yake ni programu mpya ya kifaa.

Kabla ya kuondoka, pitia pia kipengele cha tahadhari za kamera za mwendokasi. Sheria ya Ujerumani inamkataza dereva kutumia kifaa kinachoonyesha kamera hizo, Uswisi ni kali zaidi, na Ufaransa tangu mwaka 2012 imepiga marufuku kuonyesha mahali kamera zilipo, hivyo mifumo huko hutaja maeneo ya hatari tu. Kizime kipengele hicho mapema, ukiwa bado umeegesha. Chagua pia kuepuka barabara zisizo na lami, maana tumbo la gari letu liko karibu na ardhi, na usisahau zile zinazofungwa kwa majira: njia ya Stelvio nchini Italia, yenye mwinuko wa mita 2,757, hufungwa wakati wa baridi.

Mwisho, jaribu. Usasishaji mara nyingine hufuta anwani zilizohifadhiwa, kwa hiyo ziandike pembeni kabla. Kisha, gari likiwa limesimama, ingiza anwani ya kijiji kidogo katika kila nchi utakayopita, pamoja na namba ya nyumba, na uikuze ramani hadi mitaa ionekane. Ikiwa mfumo unajua barabara kuu peke yake katika nchi fulani, andaa latitudo na longitudo za vituo vyako vya huko na uziingize moja baada ya nyingine kabla ya kuondoka.